Uzi: Lenzi ya 75-300 yatoa picha zilizopauka Kidike na Jozani. Ninunue lenzi gani kwa laki saba?

#1 Kijana_Gombani
Assalaam alaikum wapiga picha. Nina Canon 700D, lenzi yake ya 18-55 STM na 75-300 III ya mtumba (namba ni milimita za zumu, kubwa ndiyo inayovuta mbali). Picha za popo wa Kidike, Pemba, na za kima punju wa msitu wa Jozani, Unguja, nikizifungua kwenye kompyuta ni laini, zimepauka, nyeusi si nyeusi, hasa kwenye 300. Za 18-55 hazina neno. Nimetenga laki saba. Je, tatizo ni lenzi au ni mtumiaji? Na kama ni lenzi, kwa pesa hiyo ipi itanifaa kwa popo, ndege, ufukwe na Mji Mkongwe? Kamera siuzi, msinipeleke huko.

#2 Mdiria_Mdogo
Waalaikum salaam. Ni lenzi, usijitese. 75-300 III ni katika lenzi dhaifu kabisa za Canon, na kuanzia 200 kwenda juu ndipo udhaifu wake unapojionesha. Nunua EF-S 55-250 IS STM (IS ni kituliza mtikisiko, STM ni aina ya mota ya fokasi), ile ya mwaka 2013. Gramu 375 badala ya 480, ina kituliza mtikisiko, na filta yake ni 58 mm sawa na ya 18-55 yako. Zile mm 50 za mwisho utakazozipoteza si za kuzililia. Hata ukihamia kamera ya fremu kamili (sensa kubwa) baadaye utaendelea nayo.

#3 FundiVioo
Sentensi ya mwisho ya #2 aiondoe mwenyewe. EF-S ni lenzi ya sensa ndogo, haikai kwenye kamera za fremu kamili kama 6D wala 5D, mdomo wake umetengenezwa makusudi usiingie kwa sababu sehemu ya nyuma inasogea karibu na kioo cha ndani ya kamera. Kwenye Canon zisizo na kioo itakubali kwa adapta ya EF kwenda RF, lakini kamera itakata picha ibaki eneo la sensa ndogo tu. Mengine yake nakubali.

#4 Kusi_Kaskazi
Mie siilaumu lenzi kabla sijaona shata (muda ambao kamera inafunguka, kwa sehemu ya sekunde). 75-300 III haina kituliza. 300 zidisha 1.5 (ukuzaji wa sensa ndogo) ni 450, kwa hiyo ukishika mkononi chini ya 1/500 unacheza bahati nasibu. Ndani ya Jozani chini ya miti mikubwa, f/5.6 (apacha, yaani upana wa tundu la lenzi) na ISO 400 (wepesi wa sensa kuhisi mwanga), hiyo 1/60 utaipata ukiwa na bahati. Pandisha ISO 3200, usiogope chembechembe, zinapunguzika kwenye kompyuta. Mtikisiko haupunguziki. Mwenye uzi atupe namba: shata, apacha, ISO, saa ngapi, umbali gani.

#5 Hesabu_za_Wete
Canon ni 1.6. Hiyo 1.5 ni ya Nikon na Sony. Kwa hiyo 480. Ushauri wa #4 haubadiliki, lakini namba iwe namba.

#6 Kusi_Kaskazi
Haya mwalimu.

#7 Bi_Chwaka
Mbona hewa hamjaigusa? Mchana wa jua kali ardhi na mabati yanatoa joto, hewa inatetema, na hapo hata uwe na lenzi ya milioni kumi picha italegea. Kupima ni rahisi: egemeza kamera, piga picha kumi mfululizo za kitu kisichosogea kama kigogo. Zitazame kwa kuzikuza. Kingo zikibadilika umbo toka picha hadi picha, nyengine kali, nyengine imepinda, hiyo ni hewa. Zikiwa laini sawasawa zote, hewa haina kesi. Kisha urudie saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla ardhi haijapata moto.

#8 Kijana_Gombani
Namba hizi hapa. Popo: 300 mm, 1/250, f/5.6, ISO 400, saa saba na robo mchana, jua linawaka, umbali kama mita 40, wananing'inia na mbingu iko nyuma yao. Kima punju: 300 mm, 1/80, f/5.6, ISO 1600, umbali kama mita 6. Mbele ya lenzi kuna filta ya UV muda wote, muuzaji alinipa bure.

#9 Mdiria_Mdogo
Kima wa mita 6 na 1/80 kwenye 300, hapo #4 ana haki yake. Huo ni mtikisiko, tena kima mwenyewe hatulii. Kwa kima wa kule anayekaa karibu na njia hata hiyo 300 huihitaji, 100 hadi 150 inatosha, na shata inakuwa nyepesi kuipata.

#10 FundiVioo
Jamani someni tena neno "bure". Kioo kisichopakwa dawa ya kuzuia mwako kinarudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kila upande, pande mbili asilimia 8. Ukielekeza kwenye mbingu nyeupe, mwanga huo unazunguka baina ya filta na lenzi na kumwagika juu ya picha nzima. Nyeusi inakuwa kijivu. Hicho ndicho alichokieleza mwenyewe: "nyeusi si nyeusi". Sensa ya dijitali haihitaji filta ya UV kwa rangi, kazi yake ni kuzuia chumvi na mchanga ufukweni. Msituni ivuliwe. Na kofia ya lenzi ET-60 ivaliwe, haiuzwi pamoja na lenzi hiyo ndiyo maana wengi hawana.

#11 Hesabu_za_Wete
Namba za #8 zinasema zaidi ya hivyo. Kanuni ya jua kali: f/16 na shata sawa na ISO. ISO 400 ni 1/400 kwa f/16. Ukifungua hadi f/5.6 ni hatua tatu (kila hatua ni mwanga mara mbili), yaani 1/3200. Yeye amepata 1/250. Tofauti ni hatua tatu na zaidi ya nusu. Maana yake kamera ilipima popo aliye kivulini, au mtumiaji aliongeza mwanga, na mbingu ikaungua kupita kiasi. Mbingu iliyoungua hatua tatu nyuma ya kitu cheusi inakula kingo zake hata bila filta yoyote. Kwa hiyo kupauka kunaweza kuwa ni jua lenyewe na upande aliosimama. Aende jioni, asimame jua liwe mgongoni kwake, popo wapate mwanga wa ubavuni. Wakibaki mbele ya mbingu aongeze +1 tu (kwenye 700D unabonyeza Av na kuzungusha gurudumu), atizame grafu ya mwanga kwenye skrini, asiende +2.

Kuhusu urefu wa lenzi, sensa ya 700D ina upana wa mm 22.3 na nukta (pikseli) 5184. Kwa mita 40 na 300 mm, upana unaoonekana ni mita 2.97. Popo aliyejikunja, kiwiliwili chake ni kama robo mita, anachukua nukta 436. Kwa 250 ni nukta 363. Kwa 400 ni 581. Kwa 600 ni 872. Lakini kwa 250 hiyohiyo ukisogea hadi mita 20 ni nukta 726. Yaani hatua zako za miguu zinakupa zaidi ya lenzi ya 400, na hulipi kitu.

#12 Kusi_Kaskazi
Wapemba mnahesabu mpaka popo 😂 Sasa huyo popo yuko juu ya mti, utasogeaje mita 20, kwa ngazi?

#13 Hesabu_za_Wete
Si wote wako juu kileleni. Muulize mwenyeji akuoneshe mti ulioinama bondeni. Usiwapigie kelele waruke, wanachoka bure mchana na picha ya popo anayeruka juani inataka 1/1600 ambayo hujaiandaa.

#14 Mtumba_Darajani
Nyote mnaikimbilia hesabu na hakuna aliyeuliza lenzi yenyewe ni nzima au la. Mtumba wa visiwani una fangasi mpaka uthibitishe hauna. Fangasi nyembamba haionekani kwa macho ukiitazama lenzi hivihivi, na kazi yake ni hiyohiyo: kupausha.

Chukua tochi ya simu chumba chenye giza. Vua vifuniko vyote viwili, weka zumu kwenye 75 kisha 300, mulika kutoka nyuma ukitazama kutoka mbele kwa pembe, si moja kwa moja. Vumbi ni vidoti, halina neno. Fangasi ni nyuzi zinazotawanyika kama mizizi, aghlabu zinaanzia ukingoni. Ukungu wa mafuta ni utando mweupe unaoenea sawa, huo unaharibu picha kuliko vumbi la mwaka mzima. Kisha igeuze, mulika kutoka mbele.

Kwa anayenunua, ongeza haya. Ifunge kwenye kamera YAKO, si ya muuzaji. Apacha iweke f/8, bonyeza kitufe cha kuonesha kina cha fokasi, tazama majani ya apacha: yawe makavu, yafunge haraka. Fokasi iende kutoka kitu cha mita mbili hadi minazi ya mbali bila kusitasita. Zumu ivutwe mwanzo mpaka mwisho, ukisikia mkwaruzo ni mchanga wa ufukweni, iache hapo hapo. Kituliza ukiwasha, nusu kitufe, picha kwenye kitundu cha kutazamia igande na isiruke. Mwisho bandika ukurasa wa gazeti ukutani, kamera sambamba na ukuta, piga f/5.6. Linganisha pembe nne. Pembe moja ikiwa imelegea na tatu ziko kali, kioo kimekaa upande, lenzi ilianguka. Hilo halitengenezeki kwa bei ndogo.

Na pesa utoe baada ya haya yote, usiitume kabla lenzi haijafika kwa boti.

#15 Mwana_Makunduchi
Samahani naingilia. Mie nina Nikon D3200. Nimeona AF-P 70-300 ya bei nzuri, nyepesi. Inafaa?

#16 FundiVioo
Kwa D3200 haifai hata kidogo. AF-P haitafanya fokasi kwenye D3100, D3200, D5100 wala D7000, na pete ya mkono nayo ni ya umeme kwa hiyo hata kwa mkono hutapata. Ndiyo maana unaikuta bei nzuri, mtu kainunua akagundua. D3300 na D5300 zinaikubali baada ya kusasisha programu ya ndani ya kamera. Kwa D3200 tafuta AF-S 55-300 VR (VR ni kituliza cha Nikon), au AF-S 70-300 f/4.5-5.6 VR ya mwaka 2006 ambayo ni nzito, gramu 745, lakini imara. Tazama hiyo S. Iliyoandikwa AF tupu haina mota, na bodi ya kamera yako nayo haina, utazungusha mkono. Na herufi VR ziwepo, kuna 70-300 za Nikon zisizo nazo.

#17 Shakwe_wa_Nungwi
Wakubwa, mnamzungusha kijana. Anayetaka ndege kwa dhati anunue Sigma 150-600 Contemporary basi. 55-250 kwa ndege wa ufukweni maji yakipwa ni kupiga vidoti.

#18 Bi_Chwaka
Kwa laki saba? Na ina gramu 1930, kioo cha mbele filta ya 95. Ibebe kutoka Chake mpaka msitu wa Ngezi kwa daladala kisha ikamate juu kwa dakika tano umsubiri ninga, tuone. Tena ni f/6.3 kwenye 600, ndani ya Ngezi utapanda ISO 6400 kwa 700D, na hapo rangi zinaanza kuvunjika. Kwa uwanda wa Chwaka maji yakipwa nakubali inafaa, lakini asubuhi tu. Ikifika saa nne unapiga hewa ya #7.

#19 Shakwe_wa_Nungwi
Tripodi zipo Bi.

#20 Bi_Chwaka
Tripodi ya bei rahisi na upepo wa kusi ufukweni ni adui mwengine. Fupisha miguu, ning'iniza mfuko wa mchanga katikati, usiinue ile nguzo ya kati. Na kituliza kizime ukishatulia kabisa, lenzi nyingi za zamani zinatetema zenyewe juu ya tripodi.

#21 Mwalimu_Tunguu
Iko njia ambayo hamjaitaja: kamera moja ya zumu ndefu isiyobadilishwa lenzi. Nikon P900 ya 2015 inatoka sawa na 24 hadi 2000 mm, gramu 899 pamoja na betri. Hakuna lenzi ya kubadilisha ufukweni, kwa hiyo sensa haipati mchanga. Kwa mwenye kutaka kutambua ndege na kuweka kumbukumbu hakuna cha bei hiyo kinachoshindana.

#22 FundiVioo
Kwa kutambua ndege sawa. Kwa kuchapisha picha ukutani hapana. Sensa yake ni ile ndogo ya kamera za mfukoni, haitoi RAW (faili ghafi la sensa), na kwenye 2000 ni f/6.5 ambayo msituni haina mwanga. Popo wa jioni watatoka kama mchoro wa rangi za maji. Na mwenye uzi kasema kamera haiuzwi.

#23 Mwalimu_Tunguu
Sikusema auze. Nimesema njia iko.

#24 Bi_Chwaka
Mji Mkongwe mmeusahau nyote kwa mapenzi ya popo. Humo vichochoroni lenzi ndefu haina kazi. 18 kwenye Canon ni sawa na 29, na mlango wa kuchonga ukiusimamia mgongo wako uko kwenye ukuta wa jirani, mlango hauingii wote. EF-S 10-18 IS STM ndiyo dawa, gramu 240, ya mwaka 2014, na mtumba wake si mbaya. Ila kamera isiinamishwe juu wala chini, iwe wima kabisa, ama nguzo zitaanguka kwa ndani na kuzinyoosha baadaye kunakula pembe za picha. Piga kwa 12 au 13, acha nafasi ya kukata.

Asiyetaka upana huo, EF-S 24 f/2.8 STM ni gramu 125, haivuti macho ya watu, na f/2.8 jioni Forodhani inakupa hatua moja zaidi ya hiyo 18-55 ukiwa kwenye 24. Kwa watu ndiyo bora kuliko zumu, unalazimika kusogea na kusema naye. Na kusema naye ndiko kunakotakiwa. Akina mama wa mwani Paje na Jambiani hawapigwi kwa 250 kutoka mbali kama ndege. Ombeni ruhusa, msubiri, na mkikataliwa mshukuru mwende.

#25 Kusi_Kaskazi
Kwa hilo la mwisho nampa mkono Bi Chwaka. Watalii wametuharibia, sasa sie wenyewe tunatukanwa.

#26 Mtumba_Darajani
Kwa asiye na haraka na fokasi, iko M42. Lenzi za skrubu za zamani kama Helios 44-2 ya 58 f/2 au Takumar 200 f/4 zinakaa kwenye Canon kwa pete tupu isiyo na kioo, kwa sababu M42 inataka mm 45.46 kutoka mdomo hadi sensa na Canon EF ni mm 44. Ile mm moja na nusu inachukuliwa na pete. Kwenye Nikon ambayo ni 46.5 haifiki mbali kabisa, itaishia mita chache mpaka uweke pete yenye kioo, na kioo hicho kinaharibu picha. Kwa popo anayening'inia Takumar 200 ni nzuri sana: popo hasogei, una muda wa kuzungusha. Washa skrini, kuza mara kumi, zungusha mpaka manyoya yatoke. Kwa ndege chozi kwenye maua usijaribu.

#27 Hesabu_za_Wete
Na hiyo njia ya skrini kuza mara kumi aijaribu kwenye 75-300 yake pia. Inaondoa shaka ya fokasi. 700D haina marekebisho ya fokasi ya lenzi moja moja, kwa hiyo kama kitundu cha kutazamia kinaweka fokasi nyuma ya kitu, kwa 300 picha zote zitakuwa laini na hatajua. Picha ya skrini ikiwa kali na ya kitundu ikiwa laini, lenzi na kamera hazipatani, na 55-250 mpya huenda ikapatana, huenda isipatane.

#28 Mdiria_Mdogo
Sasa tuna sababu ngapi? Lenzi, mtikisiko, hewa, filta, mbingu, fangasi, fokasi. Saba. Kijana alikuja na swali moja.

#29 Mwana_Makunduchi
Nyie wenye fangasi, mnahifadhi vipi? Mie naweka kwenye pipa la mchele.

#30 Mtumba_Darajani
Mchele upikwe pilau. Unanyonya kidogo sana na unga wake unaingia kwenye pete ya zumu. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha mpira kinachobana, silika jeli nusu kilo, na kipima unyevu kidogo ndani. Lenga asilimia 40 hadi 50. Ikivuka 60 kwa muda mrefu fangasi wanaanza, na masika humu ndani ya nyumba inavuka bila kuomba. Chini ya 30 nako hakufai, mafuta na mipira hukauka. Jeli ikibadilika rangi (ya chungwa inakuwa kijani) ikaushe kwenye ovini nyuzi 120 kwa saa mbili, si juu ya mkaa. Mkoba wa ngozi usihifadhie lenzi ndani, wenyewe ndio shamba.

#31 Mwalimu_Tunguu
Kabati lenye balbu ya wati 15 linafanya kazi vilevile na ni la bei ndogo. Joto likipanda kidogo unyevu unashuka.

#32 Mtumba_Darajani
Umeme ukikatika?

#33 Mwalimu_Tunguu
Kabati halipoi kwa saa moja.

#34 Mtumba_Darajani
Saa moja ya wapi? 😂

#35 Kusi_Kaskazi
Tena kitu kinachofanana na fangasi na si fangasi: mvuke. Unatoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, lenzi ni baridi, nje unyevu, inafunikwa na jasho mbele na wakati mwengine ndani. Picha za robo saa ya mwanzo zote zimepauka. Iache ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa nusu saa mpaka ipate joto la nje ndipo uifungue. Usiifute-fute ikiwa na jasho, unasugua chumvi. Na ukirudi ufukweni, kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi, ukikamue, upitishe kwenye bodi na pete, kisha kikavu. Kioo ni kipulizio cha mpira kwanza, kitambaa mwisho. Mdomo hapana.

#36 Kijana_Gombani
Ahsanteni. Swali dogo: filta ya poleraizi (ya kuondoa mwako) ya 58 itafaa lenzi zangu zote? Nataka rangi ya maji.

#37 Hesabu_za_Wete
Itaingia zote, ya 10-18 ni 67 kwa hiyo hiyo hapana. Lakini jua la kwetu lina vituko. Tuko nyuzi 6 kusini, na mwanzo wa Machi na wiki ya pili ya Oktoba jua la adhuhuri liko utosini. Poleraizi inafanya kazi kwa mbingu iliyo nyuzi 90 kutoka jua, kwa hiyo saa hizo ukanda wenye nguvu umelala kwenye upeo wa macho pande zote na juu hakuna kitu. Asubuhi na jioni ukanda unapita juu kutoka kaskazini hadi kusini, na kwa lenzi pana kama 10 utaona mbingu ina doa la buluu nzito katikati. Kwa maji, tazama chini kwa pembe ya nyuzi kama 37 kutoka usawa wa bahari, hapo mwako unaondoka kabisa na matumbawe yanaonekana. Inakula hatua moja na nusu hadi mbili za mwanga, kwa hiyo msituni ivue.

#38 Bi_Chwaka
Na kwenye 75-300 sehemu ya mbele inazunguka ikifanya fokasi, poleraizi inapoteza nafasi yake kila mara. Fokasi kwanza, filta baadaye.

#39 Kijana_Gombani
Nimejaribu leo. Kigogo cha mnazi mita 40, asubuhi saa moja, kamera juu ya ukuta, saa ya sekunde mbili. Nimevua UV na nimeweka f/8. Picha imekuwa kali kuliko zote nilizowahi kuiona ikitoa, na nyeusi imekuwa nyeusi. Tochi: kuna nyuzi chache ukingoni, ndogo. Basi ni filta?

#40 FundiVioo
Nilisema.

#41 Kusi_Kaskazi
Alisema nini? Kamera ilikuwa juu ya ukuta. Mtikisiko haukuwepo.

#42 Bi_Chwaka
Na ilikuwa saa moja asubuhi.

#43 Mdiria_Mdogo
Na ilikuwa f/8. 75-300 kwa f/8 inajitahidi, kwa f/5.6 ndipo inapolala.

#44 Hesabu_za_Wete
Umebadilisha vitu vinne kwa pamoja: filta, apacha, saa na ukuta. Rudia palepale saa ileile, picha nne. Yenye UV f/5.6, isiyo na UV f/5.6, yenye UV f/8, isiyo na UV f/8. Kisha mbili za mkononi kwa 1/500. Hiyo ni dakika tatu.

#45 Mtumba_Darajani
Nyuzi za ukingoni uziangalie baada ya mwezi. Zikiongezeka ipeleke kwa fundi, zisipoongezeka ziache, kufungua lenzi hii ni ghali kuliko lenzi.

#46 Kijana_Gombani
Nitarudia wiki ijayo. Wakati huohuo kuna mtu Chake anauza 55-250, iko ndani ya bajeti na inabaki pesa ya poleraizi. Kwenye picha aliyonitumia imeandikwa IS II. Ndiyo hiyo?

#47 Mdiria_Mdogo
Siyo. IS II ni ya kabla. Haina mota ya STM, ina kelele, fokasi yake taratibu, na sehemu ya mbele inazunguka kama hiyo uliyonayo kwa hiyo poleraizi itakusumbua vilevile. Karibu kabisa inakwenda mita 1.1, ya STM sentimita 85, na kwa vinyonga na maua tofauti hiyo unaiona. Kama bei yake ni nusu ya STM, chukua kwa kujifunzia. Kama ni karibu sawa, ngoja.

#48 FundiVioo
Mwambie apige picha pete ya mbele, herufi STM ziwepo. Na kofia usichanganye: ET-60 ya 75-300 yako inakaa kwenye IS II, STM inataka ET-63.